Wild Seed: kutoka kitabuni hadi runingani

Wild Seed ni riwaya ya kisayansi ya kubuni ya Octavia Butler wa Marekani, iliyotoka mwaka 1980. Anyanwu, mganga wa Afrika Magharibi anayeweza kubadili umbo, anakutana na Doro, anayeishi kwa kuhamia miili ya watu anaowaua. Doro anampeleka Marekani, enzi za biashara ya utumwa. Kwa wakazi wa Kilosa, ambako misafara ya kwenda Bagamoyo ilipita, historia hiyo si ngeni.

Mwaka 2019 ilitangazwa kuwa Amazon inaiandaa kuwa tamthilia. Mkenya Wanuri Kahiu, mwongozaji wa filamu ya Pumzi, aliteuliwa kuiongoza na kuiandika pamoja na Nnedi Okorafor. Hata hivyo, tangazo si tamthilia: kwanza huandikwa mswada, ndipo kampuni huamua kama itarekodiwa.