Majina Yanayobaki Kwenye Menyu

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kwa muda mrefu mashine hizo zikawa mali ya wizara, mashirika ya umma na wachache waliopata kibali. Ndiyo maana wengi wetu hatukuanza na zile za skrini nyeusi zinazosubiri uandike amri. Zilipofika sebuleni kwetu, mwishoni mwa miaka ya tisini, nyingi zikiwa mitumba, tayari zilikuwa na Windows 95 au 98 ndani yake, na tayari zilikuwa na tabia ya kukumbuka kila faili lililofunguliwa. Mimi ni fundi kompyuta, Magomeni. Nimeiona tabia hiyo ikiwavunjia watu heshima ndani ya nyumba zao wenyewe, na kwa hiyo naona historia yake inafaa kuandikwa na mtu aliyekuwa akiitwa kuitengeneza.

Ilianza kama msaada mdogo. Programu za kuandikia ziliweka majina ya mafaili machache ya mwisho chini ya menyu ya File, ili mtu asihangaike kuitafuta barua aliyoiacha jana. Mwaka 1994 Apple waliipeleka orodha hiyo kwenye menyu kuu ya kompyuta nzima, katika mfumo wao wa System 7.5, na wakamwachia mwenye mashine aamue mwenyewe yakumbukwe majina mangapi. Tarehe 24 Agosti 1995 Microsoft wakatoa Windows 95 yenye kitufe cha Start, na ndani ya menyu yake pakawa na sehemu iitwayo Documents. Ukiigusa, majina kumi na matano ya mwisho yanajipanga mbele yako: barua, picha, hesabu, chochote.

Waliobuni kitu hiki walikuwa wakimfikiria mfanyakazi mwenye meza yake na mashine yake. Kwetu mashine ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Anaitumia baba, anaitumia mama, anaitumia mpwa aliyekuja mjini kusoma, na jirani anakuja Jumamosi kuchapa barua ya kuomba kazi. Windows 98, kama zilivyokuwa nyingi nilizozikuta majumbani, ilifunguka bila kuuliza nani amekaa kitini. Majina ya wote yakaingia kwenye orodha moja, na yeyote aliyefungua Start aliyasoma.

Ufundi wake ni rahisi. Kila unapofungua faili, Windows huweka kijifaili kidogo cha njia ya mkato ndani ya folda iitwayo Recent, na jina hilo hilo huandikwa pia kwenye rejista, ile hifadhi ya mipangilio ya mfumo. Kwa hiyo ulipofuta barua yenyewe hukuwa umefuta jina lake. Barua imekwenda, jina limebaki pale pale kwenye menyu, na mara nyingi jina peke yake lilitosha kueleza kila kitu.

Mzee mmoja mstaafu wa mtaa wetu aliniita kwake, zama za Windows XP. Nilimwamkia, akaitika, akanikalisha mbele ya kompyuta na kufunga mlango wa sebule. Alikuwa ameandika wosia. Faili alilifunga kwa neno la siri, jambo ambalo Word iliweza kulifanya vizuri tu, na hakuna mtoto aliyesoma hata mstari mmoja. Lakini alikuwa ameliita kwa jina lake, Wosia, na menyu ilikuwa imelitangaza kwa nyumba nzima. Watoto wakaanza kuulizana nani kaandikiwa nini, mmoja akaacha kuja kula Ijumaa.

Nilimwambia angeweza kuliita faili jina jingine lolote. Akanitazama.

“Mwanangu, yaani niandike wosia wangu, nyumbani kwangu, halafu niupe jina la uongo?”

Jibu hilo nimelibeba miaka yote, kwa sababu mzee alikuwa na haki kabisa. Hakuwa anaficha uovu. Alitaka tu jambo lake lijulikane siku aliyoichagua yeye.

Tukaanza kazi. Kwenye XP unabofya upau wa chini kwa kitufe cha kulia cha mausi, unachagua Properties, unakwenda kwenye Start Menu, kisha Customize, kisha Advanced. Hapo chini kabisa kulikuwa na kisanduku chenye alama ya tiki kinachoruhusu kuorodhesha mafaili ya karibuni, na pembeni yake kitufe cha Clear List. Nilimpa mausi abofye mwenyewe. Majina yakatoweka, akashusha pumzi. Ikabidi nimwambie bado.

Word ilikuwa na kumbukumbu yake: majina manne chini ya menyu ya File, na mtu angeweza kuyaongeza hadi tisa. Kuifunga, sharti uingie Tools, Options, General, uondoe tiki nyingine. Programu ya kuchezea muziki na video ilikuwa na orodha yake. Lile dirisha linalotokea unapotaka kufungua au kuhifadhi faili nalo liliweka yake. Kulikuwa hata na sehemu ya rejista, UserAssist, iliyoandika majina ya programu ulizozitumia kwa kuhamisha kila herufi nafasi kumi na tatu katika alfabeti ya Kiingereza, A ikawa N, B ikawa O. Mtu wa kawaida akiona pale anaona takataka, lakini fundi mwenye penseli anaisoma. Hapa ndipo ninapowalaumu watengenezaji kwa moyo wote. Kukumbuka walikuweka kila mahali, kusahau wakakutawanya kwenye vyumba ambavyo mwenye nyumba hakuwahi kuonyeshwa.

Na kuna jambo jingine lililoniuma zaidi. XP Professional, iliyouzwa kwa ofisi, ilikuja na kihariri cha sera za mfumo, ambamo msimamizi angeweza kuiambia Windows isiweke historia yoyote ya mafaili, au iifute kila mtu anapotoka. XP Home, ambayo jina lake lenyewe ni la nyumbani, haikuwa nacho. Aliyetaka kufanya hivyo nyumbani alipaswa kuingia kwenye rejista kwa mkono, mahali ambapo kosa dogo huweza kuifanya kompyuta isiwake. Familia, ambayo ndiyo inayochangia mashine moja, ikapewa uwezo mdogo kuliko ofisi.

Wakubwa nao walionja. Februari 2003 ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza iliweka kwenye tovuti yake taarifa kuhusu Iraq, ikiwa faili la Word. Ndani ya faili hilo, pasipoonekana kwa anayesoma kawaida, Word ilikuwa imehifadhi kumbukumbu ya mara kumi za mwisho lilipohifadhiwa, pamoja na majina ya waliolihifadhi na mahali lilipowekwa. Mtaalamu wa Marekani, Richard M. Smith, akayatoa majina hayo hadharani, na Juni mwaka huo Alastair Campbell, mkurugenzi wa mawasiliano wa Waziri Mkuu huyo, Tony Blair, akahojiwa kuyahusu na kamati ya Bunge. Kama serikali yenye wataalamu wake haikujua faili linabeba nini, mzee wangu wa Magomeni angejuaje?

Vivinjari vya intaneti vilipata suluhisho mapema kidogo. Safari ilileta hali ya faragha mwaka 2005, Chrome ikaja nayo 2008, na wengine wakafuata. Mafaili hayakupewa kitu cha namna hiyo. Windows 7, mwaka 2009, iliitoa orodha ya jumla kwenye Start ya kawaida, lakini ikaihamishia kwenye aikoni za upau wa chini: bofya kulia kwenye Word, majina yote hayo. Windows 10, mwaka 2015, ikaenda mbali zaidi. Ukifungua tu dirisha la mafaili, miongoni mwa vitu vya kwanza unavyoviona ni mafaili ya karibuni. Kwetu mgeni anapiga hodi, na wenyeji wanapata nafasi ya kujisitiri kabla hajaingia. Dirisha hili lilimkaribisha kila mtu moja kwa moja hadi chumbani. Kulifunga kunawezekana, ndani ya mipangilio ya folda, na kitufe cha kufuta historia kipo hapo hapo. Lakini kwanza ujue kipo.

Kisha Mei 2024 Microsoft wakatangaza Recall, kumbukumbu inayopiga picha ya skrini yako kila baada ya sekunde chache na kuzihifadhi ili uweze kutafuta chochote ulichowahi kukiona. Safari hii watu walipiga kelele kabla haijatoka. Mwezi Juni kampuni ikakubali kwamba itabaki imezimwa hadi mwenye kompyuta aiwashe, na ilipowafikia wateja Aprili 2025 ilikuja hivyo. Nilifurahi sana. Ilichukua takriban miaka thelathini tangu ile menyu ya Documents mpaka kampuni hiyo ianze kwa kuuliza.

Waliokuwa wakiuliza kwa utaratibu walikuwepo. Kwenye mfumo wa Linux wenye mazingira ya GNOME, katika mipangilio ya faragha, pana sehemu ya historia ya mafaili: unaizima kabisa, au unachagua idumu siku moja, siku saba, siku thelathini au daima. Kompyuta ya familia ikija kwangu na inatumia mfumo huo, naweka siku moja. Ikiwa ni ya Windows, nafuta orodha na kuondoa tiki zote ninazozijua. Halafu namwita mwenye nyumba, mkewe na watoto wenye umri wa kuelewa, nawaonyesha wote pamoja tiki hizo ziko wapi, na anayetaka orodha irudi anairudisha yeye mwenyewe mbele ya wenzake.