Majukwaa Mawili: Ira Aldridge na Wakongo wa Tervuren

Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, zama za Malkia Victoria wa Uingereza, hapakuwa na sinema wala redio. Burudani kubwa ya miji ya Ulaya ilikuwa maigizo. Mwigizaji mashuhuri alisafiri mji hata mji, kwanza kwa gari la farasi, baadaye kwa gari la moshi, na kila alikofika watu walijaa ukumbini. Miongoni mwa wasafiri hao alikuwamo mtu mweusi, Ira Aldridge. Sisi wa Maniema tunayo sababu ya kuikumbuka habari yake: miaka 30 baada ya kifo chake, Wakongo nao walisimamishwa mbele ya macho ya Ulaya, lakini kwa namna nyingine kabisa.

Aldridge alizaliwa New York mwaka 1807. Alipoona kwamba Marekani haina nafasi kwa mwigizaji mweusi, alivuka bahari akiwa kijana mwaka 1824, akaenda Uingereza. Mwaka 1833 Edmund Kean, mwigizaji aliyesifiwa kuliko wengi wa wakati wake, alianguka jukwaani London akicheza Othello. Baada ya majuma machache akafariki. Aldridge aliitwa kuishika nafasi hiyo katika ukumbi wa Covent Garden. Magazeti mengine yalimtukana hata kabla hajafungua kinywa. Alicheza usiku mbili tu, kisha milango ikafungwa. Mwaka uleule Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mengi. Minyororo ilianza kukatwa, dharau ikabaki.

Aldridge hakukata tamaa. Kwa miaka karibu 20 alizunguka miji midogo ya Uingereza na Ireland. Hakukubali kufungiwa katika nafasi za watu weusi peke yake: alijipaka rangi nyeupe usoni akawa Mfalme Lear, akawa Macbeth. Mara nyingi, mchezo ulipokwisha, alisimama mbele ya watazamaji akasema nao juu ya uovu wa utumwa. Kuanzia mwaka 1852 alizunguka bara la Ulaya hadi Urusi. Yeye alisema Kiingereza, wenzake wakamjibu kwa Kijerumani au Kirusi, na bado watu walilia. Wafalme walimpa nishani. Mwaka 1867 alifariki safarini katika mji wa Łódź, nchini Poland, na kaburi lake linatunzwa huko hata leo.

Na kwetu je? Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, kando ya Lualaba, Livingstone aliwaona watu wa wafanyabiashara wa utumwa wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula. Mamia waliangamia, wengi wao mtoni. Mwaka 1893 majeshi ya Leopold wa Pili yaliteka Nyangwe na Kasongo. Bwana akabadilika, nira ikabaki.

Mwaka 1897 mfalme huyo aliagiza Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto, wapelekwe Ubelgiji. Huko Tervuren, karibu na Brussels, walijengewa vijiji vya maonyesho ndani ya bustani. Watazamaji zaidi ya milioni moja walipita kuwatazama. Wengine waliwatupia vyakula, hata likawekwa tangazo la kuwakataza. Majira yale yalikuwa ya baridi na mvua. Saba walifariki: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Leo makaburi yao yako kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, Tervuren.

Tusidhani kwamba Aldridge aliwazidi hao saba utu au akili. Yeye alipata shule, akapata lugha ambayo watazamaji wake waliielewa, akachagua mwenyewe atakalosema. Wao hawakuulizwa neno. Aldridge alisikilizwa, wao walitazamwa tu. Mtu anayetazamwa bila kusikilizwa hugeuzwa kitu, hata kama wanaomtazama wanacheka kwa furaha.

Habari hii haiishii Ulaya. Nasi tunacheza michezo katika parokia zetu, na tunapiga picha kwa simu. Mara ngapi tumemleta jukwaani kilema, mgonjwa wa akili au mtu wa kabila dogo ili achekwe tu? Tumewahi kumpa maneno yake mwenyewe? Kabla ya kuwalaumu watu wa Tervuren, tuangalie kwanza viti tunavyokalia sisi.

Kwa kutafakari katika kikundi:
1. Katika mchezo wetu wa mwisho, nani alichekwa, na nani alisikilizwa?
2. Ni nani katika mtaa wetu anayetazamwa kila siku, lakini haulizwi neno?