AR-15: Kwa nini Wamarekani wengi huitetea bunduki hii?

Kila Marekani inapokumbwa na mauaji mengine ya watu wengi kwa risasi, bunduki moja husikika ikiitwa majina mawili siku hiyo hiyo. Wanaotaka ipigwe marufuku huiita bunduki ya mashambulizi, au silaha ya vita. Wanaoiuza na wengi wanaoimiliki huiita bunduki ya kisasa ya michezo. Ni ile ile, AR-15, na ubishi juu ya jina lake ni sehemu kubwa ya ubishi wa kisiasa wenyewe.

AR-15 ni bunduki ya nusu otomatiki. Ukibana kidole hutoka risasi moja, mtambo hutupa ganda na kujiingizia risasi nyingine, nawe huna budi kuachia na kubana tena. Rashasha, inayomimina risasi mfululizo maadamu kidole kimebana, ni kitu kingine: sheria ya Marekani iliiwekea masharti makali tangu mwaka 1934, na rashasha mpya haziruhusiwi kuuzwa kwa raia tangu 1986. Taarifa za habari zinazosema muuaji alikuwa na "rashasha", zikiwemo za Kiswahili, mara nyingi hukosea, na watetezi wa bunduki hawakawii kulitumia kosa hilo kuonyesha kwamba wapinzani wao hawajui wanachokipinga. Hata herufi AR zinatokana na ArmaLite, kampuni ya California iliyoibuni bunduki hii mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kazi ya mhandisi Eugene Stoner. Hazina uhusiano na neno "mashambulizi".

Hata hivyo asili yake ya kijeshi haifichiki. Mwaka 1959 ArmaLite iliiuzia kampuni ya Colt haki za kuitengeneza, na kutokana na muundo huo ikapatikana M16, bunduki ya askari wa Marekani katika vita vya Vietnam. Toleo la raia liliingia sokoni mwaka 1964. Tofauti kubwa ni kwamba la raia halimimini. Risasi yake ni ndogo lakini huenda kwa kasi kubwa sana, na madaktari waliowapokea majeruhi wameeleza jinsi inavyosambaratisha viungo vya ndani kuliko risasi ya kawaida ya bastola.

Kutoka kudharauliwa hadi kupendwa

Kwa miaka mingi wamiliki wa bunduki wenyewe hawakuithamini. Mwindaji wa mtindo wa zamani alipenda bunduki yenye kitako cha mti, si hii nyeusi ya plastiki na alumini. Mwaka 1994 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyopiga marufuku kwa miaka 10 utengenezaji wa bunduki nyingi za aina hii, pamoja na magazini mpya za zaidi ya risasi 10. Sheria hiyo ilikuwa na udhaifu ulioonekana mapema: ilihesabu vitu kama kishikio cha bastola, kitako cha kukunja na mahali pa kufungia singe. Watengenezaji waliondoa kimoja au viwili, wakaendelea kuuza. Muda wake ulipokwisha Septemba 2004, Bunge halikuihuisha.

Baada ya hapo mambo yalibadilika haraka. Mwaka 2007 mwandishi maarufu wa masuala ya uwindaji, Jim Zumbo, aliandika kwamba bunduki hizi hazina nafasi porini na akazifananisha na silaha za magaidi. Katika muda wa siku chache tu alipoteza wadhamini na kipindi chake cha televisheni, licha ya kuomba radhi. Walioongoza hasira hiyo walikuwa wamiliki wa bunduki. Ilikuwa ishara kwamba ndani ya kundi hilo, kuisema vibaya AR-15 kumeanza kuhesabiwa kuwa usaliti.

Mwaka 2009 chama cha wafanyabiashara wa silaha, NSSF (herufi hizo hapa hazihusiani kabisa na mfuko wa hifadhi ya jamii), kilianza kampeni ya kulieneza jina "bunduki ya kisasa ya michezo". Makao yake makuu wakati huo yalikuwa katika mji mdogo wa Newtown, jimbo la Connecticut. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Desemba 2012, katika mji huo huo, kijana mwenye bunduki ya aina ya AR-15 aliwaua watoto 20 na watu wazima sita katika shule ya msingi ya Sandy Hook.

Hoja za watetezi

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni ya hesabu. Takwimu za polisi ya shirikisho, FBI, za mwaka 2019 zinaonyesha watu 6,368 waliouawa kwa bastola, na 364 kwa bunduki aina ya rifle za kila namna. Visu viliua zaidi ya watu 1,400. Ni kweli kwamba kwa vifo zaidi ya 3,000 aina ya bunduki haikutajwa, lakini picha ya jumla haibadiliki: mauaji ya kila siku Marekani ni ya bastola. Wapinzani hujibu kwamba mauaji ya Sandy Hook, Las Vegas (watu 60), Parkland (17) na Uvalde (watoto 19 na walimu wawili) yote yalifanywa kwa bunduki za mtindo huu, na kwamba mtu mmoja asingeweza kufanya hivyo kwa urahisi kwa kisu.

Hoja ya pili ni kujilinda. Bunduki hii ni nyepesi, haimsukumi sana mtumiaji, na hulengeka kwa urahisi. Watetezi hukumbusha kwamba Novemba 2017, muuaji aliyeshambulia kanisa huko Sutherland Springs, Texas, alikabiliwa na jirani mwenye AR-15 yake mwenyewe.

Ya tatu ni ya kikatiba: Marekebisho ya Pili, wanasema, yaliandikwa ili raia waweze kuizuia serikali dhalimu. Hapa utetezi unajikanyaga. Bunduki inayosifiwa kuwa ya kulenga shabaha na kuwinda nguruwe pori haiwezi wakati huo huo kuwa kinga dhidi ya jeshi, isipokuwa ikikubaliwa kwamba ina nguvu za kivita. Wanasiasa wengi huchagua hoja moja kulingana na waliokaa mbele yao.

Wengi wanataka, Bunge linakwama

Uchunguzi wa maoni wa taasisi ya Pew wa mwaka 2023 ulionyesha asilimia 64 ya watu wazima wanaunga mkono marufuku. Lakini Aprili 2013, miezi minne tu baada ya Sandy Hook, pendekezo la Seneta Dianne Feinstein lilipata kura 40 kati ya 100. Julai 2022, baada ya Uvalde, Baraza la Wawakilishi lilipitisha marufuku kwa kura 217 dhidi ya 213, na muswada ukafia Seneti, ambako jimbo dogo la vijijini lina viti viwili sawa na California. Kwa mgombea wa Republican, hatari kubwa huwa katika kura ya mchujo ndani ya chama, ambako mpiga kura anayeamua kwa suala la bunduki peke yake hakosi kujitokeza.

Kila tishio la marufuku pia hupandisha mauzo. Desemba 2012 ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki ulivunja rekodi ya wakati huo. NSSF ilikadiria mwaka 2022 kwamba bunduki za aina hii zilizokuwa mikononi mwa watu zimepita milioni 24.

Idadi hiyo ina uzito mahakamani. Katika hukumu ya Heller ya mwaka 2008, Mahakama ya Juu ilisema silaha zinazotumiwa kwa kawaida na raia watiifu zinalindwa. Kadiri zinavyonunuliwa, ndivyo wanasheria wa watetezi wanavyoweza kusema ni za kawaida. Majimbo kama California, New York, Maryland na Illinois yana marufuku yake. Tarehe 2 Juni 2025 mahakama hiyo ilikataa kusikiliza kesi dhidi ya marufuku ya Maryland. Majaji watatu walitaka isikilizwe, na wa nne, Brett Kavanaugh, aliandika kwamba mahakama inapaswa kulishughulikia suala la AR-15 katika muhula mmoja au miwili ijayo.