Wanawake katika Red Bull Rampage

Red Bull Rampage ni mashindano ya uendeshaji huru wa baiskeli za milimani yanayofanyika karibu na mji mdogo wa Virgin, jimbo la Utah, Marekani. Yalianza mwaka 2001, lakini wanawake hawakupewa kitengo chao hadi 2024. Ni kuchelewa kusikokubalika, kwa kuwa waendeshaji hodari kama Casey Brown wa Kanada walikuwa wamekwisha kuthibitisha uwezo wao.

Njia ilifunguliwa na Red Bull Formation, kambi iliyoanza Utah mwaka 2019 kwa juhudi za Katie Holden. Hapo hapakuwa na ushindani wala majaji. Wanawake walijichagulia miteremko na kusaidiwa na wachimbaji wao kutengeneza njia kwa sepetu na sururu: udongo mkavu humwagiwa maji, hushindiliwa, kisha mifuko ya mchanga hupangwa kushikilia kingo za mahali pa kurukia na pa kutua. Kazi hiyo ya mikono ni nusu ya mchezo wenyewe, maana kipimo kikikosewa kidogo tu, mwendeshaji huangukia mwamba.

Tarehe 10 Oktoba 2024 wanawake walishindana Rampage kwa mara ya kwanza. Robin Goomes wa New Zealand, aliyewahi kuwa mwanajeshi, alipinduka kinyumenyume hewani pamoja na baiskeli yake, akatua salama na kutwaa ushindi. Georgia Astle wa Kanada alishika nafasi ya pili.