Kutoka Pata Potea Hadi Ofa ya Krismasi

Desemba mwaka juzi nilikaa steji ya Meru mjini kutoka asubuhi hadi giza likaingia, nikingoja kifurushi kutoka Nairobi. Ndani kulikuwa na simu mpya ya mathe, zawadi ya Krismasi. Nilikuwa nimeiona kwenye ukurasa fulani mtandaoni: picha safi, ofa ya sikukuu, wateja wakishukuru chini yake. Nilitaka aone kwamba hata baada ya kuacha chuo, kuandika kunalipa. Nikatuma 7,000. Matatu zote ziliingia. Namba ya muuzaji haikuingia tena.

Steji hiyo hiyo nilifunzwa kuiogopa nikiwa mtoto, kwa sababu ya pata potea. Karata tatu, mkono mwepesi, na wasee wawili wanaojifanya wateja huku wakishinda kila mara. Wale waliokuwa wakishukuru mtandaoni walikuwa ndio hao wasee wawili.

Huku kwetu Meru na Embu, mkora husoma kalenda kuliko mtu yeyote. Oktoba bonasi ya majani chai inaingia. Desemba watu wa Nairobi wanarudi nyumbani. Januari karo inangoja, kwa hivyo kila mtu anatafuta cha bei nafuu, na haraka.

Zamani pesa ya nyumbani ilitumwa kwa dereva wa matatu, na tapeli alilazimika kuonana nawe uso kwa uso. Machi 2007 M-Pesa ikaja, ikafuta umbali. Ilitufutia sisi, na ikamfutia yeye pia. Ndipo zikaanza jumbe za "ile pesa tuma kwa namba hii", na simu za mtu anayelia kwamba ametuma kwako kwa makosa. Nyingi zilihusishwa na wafungwa wa Kamiti: mtu amefungiwa Nairobi, lakini mkono wake unafika Maua na Runyenjes.

Kinga zililetwa. Laini zikasajiliwa. Mwaka 2018 ikapitishwa sheria ya uhalifu wa kompyuta. M-Pesa yenyewe ikaanza kukuonyesha jina la unayemtumia kabla pesa haijatoka. Mimi nililiona hilo jina. Lilikuwa la mtu, si la duka. Nikaliacha lipite, kwa sababu ofa ilikuwa inaisha saa sita usiku.

Nilimwambia mathe simu imechelewa njiani. Nilisema hivyo mwaka mzima. Krismasi iliyofuata nikachoka, nikamwambia ukweli tukiwa jikoni.

Hakunikemea. Alikoroga chai, akasema, "Mimi walinila 2007."

Hiyo ilikuwa enzi ya piramidi, ulipoambiwa uweke pesa leo urudishiwe maradufu. Jopo la serikali lililoongozwa na Francis Nyenze lilikadiria baadaye kwamba Wakenya walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Ndani ya hizo bilioni kulikuwa na bonasi ya mathe. Baba hakuwahi kujua. Majirani pia walikuwa wameliwa, na kila mmoja alinyamaza nyumbani kwake.

Teknolojia imebadilika mara tatu, lakini mtaji wa mkora umebaki mmoja: aibu yetu. Angenisimulia mapema, labda ningelisoma lile jina mara mbili. Ndiyo maana mimi nimeanza kusimulia, na nimeanza na wewe.