Ngoma ya wikiendi ilitoka wapi?

Kama kawaida tangazo limebandikwa tena: kambi ya wikiendi ya kujifunza ngoma na densi za Afrika Magharibi, Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana, hata usiyejua kitu unakaribishwa. Washkaji wawili watatu wameniuliza, hivi hii ni Afrika ya kweli au usanii tu wa kuwachuna Wazungu? Jibu langu ni refu kidogo, nivumilieni.

Kwanza ngoma yenyewe. Inaitwa djembe, na hapana, siyo jembe la mkono, ingawa mdundo wake mmoja maarufu, kassa, hupigwa shambani watu wakilima, kwa hiyo huko jembe na djembe hukutana kabisa. Ni gogo moja lililochongwa mfano wa kikombe chenye mguu, likawambwa ngozi ya mbuzi. Ni ya Wamaninka na jirani zao wa Guinea na Mali, na tangu zamani inahusishwa na koo za wahunzi. Haipigwi peke yake. Nyuma yake kuna ngoma tatu za fimbo: dununba kubwa, sangban ya kati na kenkeni ndogo. Hizo tatu ndizo zinazobeba wimbo. Wageni wote hukimbilia djembe, si unajua tena, ndiyo yenye kelele.

Sasa sikilizeni hii. Kule Hamana, upande wa Kouroussa nchini Guinea, kuna ngoma ya wanaume wenye nguvu, nayo inaitwa dununba. Wanaume huingia uwanjani kwa marika, na zamani rika dogo likitaka kupanda lilipambana na kaka zao kwa viboko mbele ya kijiji kizima. Hapo ndipo ilipoamuliwa nani mkubwa kwa nani. Watu wamezunguka duara, mchezaji anaingia anapotaka, na mpigaji anafuata miguu yake. Hakuna anayehesabu moja, mbili, tatu, nne.

Nani basi aliyeitoa hapo? Mtu wa kumjua ni Fodéba Keïta, mzaliwa wa Siguiri, 1921. Alisoma William Ponty, shule ya Wafaransa huko Senegal iliyokuwa ikiwapika walimu na makarani wa makoloni yao ya Afrika Magharibi. Miaka ya 1930 wanafunzi wa Ponty walipewa kazi ya likizo: nendeni nyumbani mkaandike mila zenu. Wakirudi wanazigeuza michezo ya jukwaani, na 1937 wakapelekwa kuionyesha mpaka Paris. Fodéba alipofika Paris mwenyewe, 1948, kusoma sheria, alikuwa tayari anajua jinsi ya kugeuza kijiji kuwa onyesho. Akaunda kundi lililokuja kujulikana kama Les Ballets Africains, likazunguka dunia.

Jukwaa lina sheria zake. Duara linavunjika kwa sababu watazamaji wamekaa upande mmoja na wamelipa tiketi. Ngoma ya usiku kucha inakatwa mpaka dakika chache. Wachezaji wanapangwa mistari, na ili wote wabadilishe hatua kwa pamoja, mpigaji mkuu anapiga mkwaju mfupi wa ishara. Jamani, ule mkwaju unaofundishwa saa ya kwanza kabisa ya kambi ya wikiendi, ndio huo! Mistari ile mbele ya mwalimu, nayo ni ya jukwaani. Kwa hiyo anayedhani amepelekwa kijijini amepelekwa kwenye mazoezi ya Les Ballets Africains.

Halafu ikaja siasa. Septemba 1958 Guinea ilimkatalia de Gaulle kwa kura, Oktoba ikawa huru chini ya Sékou Touré, na kundi la Fodéba likawa kundi la taifa. Mwaka 1959 lilikuwa New York, Broadway. Vijana walichujwa kwa mashindano kuanzia kijijini, wilaya, mkoa mpaka taifa. Mamady Keïta alichukuliwa kijijini kwao Balandougou bado mtoto, miaka ya 1960, akapelekwa kwenye kundi la pili la taifa, Djoliba.

Wakati huohuo serikali hiyohiyo ilikuwa ikiendesha kampeni dhidi ya mila za siri, hasa kusini kwenye misitu, kwa Watoma, Wakissi na wenzao. Vinyago vitakatifu vilitolewa hadharani, vingine vikachomwa, jando na unyago wa msituni ukapigwa marufuku. Yaani mzee wa kijiji anazuiwa kucheza na kinyago chake, huku kijana wa mjini anacheza nacho jukwaani mbele ya wageni wa taifa na kupigiwa makofi. Mimi hapo ndipo huwa nakwama. Densi nyingine zinazopendwa leo zilisalimika kwa sababu ya jukwaa, na jukwaa hilo lilikuwa la mkono uleule uliozivunja nyumbani.

Fodéba mwenyewe hakupona. Aliwahi kuwa waziri wa mambo ya ndani na wa ulinzi, akawa mkono wa dola kabisa. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kula njama, akauawa. Mahali pake pa mwisho palikuwa Kambi Boiro, Conakry, gereza lililokuja kumeza maelfu.

Na walimu wa wikiendi? Wa mwanzo Marekani ni Ladji Camara, aliyetoka na Les Ballets Africains akabaki New York akifundisha kwa Katherine Dunham. Babatunde Olatunji yeye alikuwa Mnigeria, alikuja kusoma chuo cha Morehouse, na albamu yake ya 1960, Drums of Passion, iliwafanya Wamarekani Weusi wengi wakamate ngoma kwa mara ya kwanza, zama za kudai haki zao. Kwao haikuwa mambo ya kupunguza msongo wa mawazo. Wimbi kubwa lilikuja baada ya Sékou Touré kufa, 1984. Fedha za serikali zikakauka, mafundi wakatawanyika. Famoudou Konaté, mpigaji mkuu wa Les Ballets Africains kwa zaidi ya miaka 20, akaanza kufundisha Ujerumani. Mamady akaenda Abidjan, kisha Brussels, akaanzisha shule yake Tam Tam Mandingue, 1991, ikawa na matawi nchi nyingi. Amefariki 2021.

Tusiwacheke lakini. Sisi ngoma zetu za kupokea viongozi uwanja wa ndege, zile za dakika tatu na fulana zenye picha ya mgeni, zimepita njia hiyohiyo.

Kwa hiyo nendeni kambini, mimi sizuii mtu, nami mikono inaniwasha. Ila msikimbilie djembe. Ombeni kenkeni, kaeni nayo mpaka Jumapili, na kila mdundo mmuulize mwalimu: huu ulikuwa wa nani, ulipigwa lini, na aliupata kijijini au kwenye kundi la taifa? Wengi watafurahi kuulizwa.