Mbawakawa wa Unga na Historia Yake Maabarani

Miongoni mwa viumbe vya mfano, yaani viumbe vinavyofugwa maabarani ili kanuni zinazogunduliwa kwao zisaidie kuwaelewa wengine wengi, mbawakawa mwekundu wa unga, ambaye wataalamu humwita Tribolium castaneum, ana historia ya pekee, kwa kuwa sifa zilezile zinazomfanya achukiwe majikoni na maghalani ndizo zilizomfaa maabarani. Mdudu huyu, mwenye urefu wa milimita tatu hadi nne, huzaliwa, hula, huzaa na kufa ndani ya unga bila kuhitaji maji ya kunywa, na kwa hiyo chupa moja ya unga huwa ulimwengu mzima ambao mtafiti anaweza kuupitisha kwenye chekeche na kuwahesabu wakazi wake wote, jambo lisilowezekana kwa anayechunguza swala wa mbugani au samaki wa baharini.

Royal Chapman wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliitambua fursa hiyo mapema, na katika makala yake ya 1928 alionyesha kwamba ndugu wa karibu wa mdudu huyo, Tribolium confusum, huongezeka hadi kufikia idadi fulani kwa kila gramu ya unga kisha huacha kuongezeka, kwa kuwa wadudu hao hula mayai yao wenyewe.

Aliyeiendeleza kazi hiyo kwa subira ya ajabu ni Thomas Park wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye aliziweka spishi hizo mbili pamoja katika unga wa ngano uliochanganywa na hamira, akawa anauchekecha na kuwahesabu wadudu kila baada ya siku 30, kwa miaka kadhaa. Mwaka 1948 alitangaza kwamba daima spishi moja hubaki na nyingine hutoweka, lakini mshindi hutegemea pia kimelea kidogo kiitwacho Adelina: kilipokuwamo, confusum alishinda mara nyingi, na kilipoondolewa, castaneum alishinda mara 12 kati ya 18. Majaribio ya 1954 yalizaa tokeo zito zaidi, kwani katika joto na unyevu mwingi castaneum alishinda kila mara, katika ubaridi na ukavu confusum alishinda kila mara, ilhali katika hali za kati, kama nyuzi 29 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 70, castaneum alishinda kwa asilimia 86 tu, ingawa chupa zote zilitayarishwa kwa namna moja. Hapo ikolojia, elimu ya mahusiano ya viumbe na mazingira yao, ililazimika kuipa bahati nafasi yake ndani ya hesabu, na ni vigumu kutaja jaribio lingine la zama hizo lililolionyesha jambo hilo waziwazi kiasi hicho.

Wanajenetiki nao walivutwa na sababu nyingine. Inzi wa matunda, aliyetawala maabara zao tangu mwanzo wa karne ya 20, ana lava, yaani buu, asiye na miguu, ambaye kichwa chake kimejikunja ndani ya mwili, ilhali lava wa mbawakawa ana kichwa kamili na miguu sita, kama walivyo wadudu wengi. Mwaka 1987 Richard Beeman, aliyefanya kazi Manhattan, jimboni Kansas, alionyesha kwamba jeni zinazopanga sehemu za mwili wa mbawakawa zimekaa katika kundi moja, wakati kwa inzi zimegawanyika makundi mawili. Mwaka 2002 Gregor Bucher na wenzake waligundua kwamba mama akidungwa RNA ya nyuzi mbili, molekuli inayoinyamazisha jeni iliyochaguliwa, jeni hiyo hunyamaza hata ndani ya mayai yake, na mwaka 2008 jenomu ya mdudu huyu, yaani mpangilio kamili wa urithi wake, ya kwanza kusomwa kwa mbawakawa yeyote, ikachapishwa katika jarida la Nature.

Unyamazishaji huo, unaofanya kazi vizuri mno kwa mbawakawa, umekwisha kufika mashambani: mwishoni mwa 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kunyunyizia iliyotengenezwa kwa RNA ya aina hiyo, dhidi ya mbawakawa anayekula majani ya viazi.